Ruzuku Zisizofungwa na Kazi ya Kulea Viongozi Vijana

Katika stoo ya ofisi yetu ya Kisauni, Mombasa, zimo katoni nne za fulana za njano zenye jina la mradi uliokwisha zamani. Tulizigawa mpaka majirani wakachoka kuzipokea, na sasa kazi yake ni kupangusia sakafu mvua za masika zinapopenya dirishani. Tulizinunua kwa sababu bajeti ya ruzuku ilikuwa na fungu la fulana. Mwaka huohuo msichana mmoja wa Mtongwe, ambaye kwa maoni yangu alikuwa na kipawa kuliko wote katika kundi lile, aliacha kuja vikaoni kwa sababu ya nauli. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini matatu za huku na za ng'ambo hutoza, na kikao kikimalizika baada ya magharibi mamake hakukubali arudi nyumbani ila kwa tuktuk. Nilimwandikia afisa wa mfadhili kuomba sehemu ya fedha za fulana ihamishiwe kwenye nauli. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, tena lilikuwa la heshima sana, likinieleza kwamba badiliko linalozidi asilimia 10 ya fungu huhitaji idhini ya makao makuu, na kwamba muda wa kuomba idhini hiyo ulikuwa umeshapita.

Viongozi wa vikundi vya Mombasa, Kwale na Kilifi huniuliza mara kwa mara namna ya kupata ruzuku zisizofungwa, na wengi wao huuliza kana kwamba wakishazipata shida zao zimekwisha. Nimeendesha shirika la kulea viongozi vijana kwa miaka 12, na nimepokea fedha za aina zote mbili. Ushauri wangu hauhusu tu namna ya kuziomba, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote nililifanya baada ya kuzipata.

Kwanza neno lenyewe liwekwe sawa, kwa kuwa watu hulitumia kwa maana tofauti. Ruzuku isiyofungwa kabisa hulisaidia shirika lenyewe, na bodi ndiyo inayoamua kama fedha zitalipa kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu au safari ya vijana. Ruzuku iliyofungwa kwa programu hukutaka uitumie katika kazi ya vijana, kisha hukuachia wewe kupanga mafungu. Aina ya tatu ni ruzuku ya mradi wa kawaida yenye ruhusa pana ya kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine. Hizi mbili za mwisho usizidharau. Kwa kikundi kidogo cha Jomvu au Changamwe ambacho hakijawahi kukaguliwa hesabu na mkaguzi wa nje, aina ya pili ndiyo mlango ulio karibu, na ndiyo tuliyoanza nayo sisi.

Kazi ya kulea viongozi huumizwa na mafungu magumu kuliko kazi nyingi nyingine. Anayechimba kisima huweza kukutajia mwezi ambao maji yatatoka. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu aliyefika miaka 18 ambaye hajafika 35, ilhali miradi mingi niliyoisimamia ilikuwa ya miezi 12 au 18. Anayeingia kwako akiwa na miaka 19 atapitia mengi kabla hajawa mtu wa kusimama mbele ya kamati ya bunge la kaunti na kuhoji makadirio ya matumizi: atakosa karo, atafiwa, ataoa au kuolewa, atapata kibarua bandarini na kupotea miezi minne, kisha atarudi akiwa ameona haya. Ukiniuliza ni siku gani hasa tuliwalea wale ambao leo wanaongoza, sitakutajia warsha. Nitakutajia jioni tulizokaa barazani Majengo na baba asiyetaka bintiye aonekane jukwaani, asubuhi ya kumsindikiza mvulana kituoni kuripoti kitambulisho kilichopotea, na hitima na matanga tuliyohudhuria. Sijawahi kuona bajeti yenye fungu la matanga.

Wafadhili wenyewe wameanza kuliona jambo hili. Mwaka 2016 Ford Foundation, ambayo ofisi yake ya Afrika Mashariki iko Nairobi, ilianzisha mpango wa BUILD na kuutengea dola bilioni 1, ukiwa na ruzuku za miaka mitano zilizounganisha fedha huru, yaani zisizofungwa, na kuimarisha shirika lenyewe. Mwaka 2020 Mmarekani MacKenzie Scott alitangaza kugawa karibu dola bilioni 6 katika mwaka huo mmoja, bila kuwapangia waliopokea namna ya kuzitumia. Mifano hiyo ni mizuri kuitaja ukiwa unajenga hoja. Hata hivyo, fedha za Scott za mwaka ule hazikuombwa, kwa kuwa timu yake iliyachunguza mashirika kimyakimya na kuyapigia simu, kwa hiyo anayekaa akingojea simu ya namna hiyo atakaa sana. Mtu wa kumwomba fedha huru ni yule ambaye tayari anakupa fedha zilizofungwa, ameshaona ripoti zako mbili au tatu, na anajua kwamba simu yake huipokei kwa woga. Muda wa kumwomba ni pale mkataba unapokaribia kuandikwa upya. Ukimwomba katikati ya mwaka wa kwanza ataona kwamba mradi umekushinda.

Usiende mikono mitupu. Mimi na mhasibu wetu tulianza na swali dogo: kikao kimoja cha Jumamosi cha vijana 30 kinagharimu shilingi ngapi? Katika bajeti ya mfadhili kiliandikwa 24,000, yaani chakula, nauli na karatasi. Tukaongeza saa za mratibu aliyewapigia vijana simu kwa siku tatu, sehemu ya kodi ya ofisi, tokeni za umeme, intaneti, ada za kutuma nauli kwa M-Pesa, sehemu ya malipo ya mkaguzi wa hesabu, na yale ambayo mwajiri huchangia juu ya mshahara, yaani NSSF na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Tukafika 61,000. Mhasibu aliizungushia duara ile tofauti ya 37,000, akaniuliza ilikuwa ikilipwa na nani, na sote wawili tulilijua jibu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajapokea mshahara kamili tangu Ramadhani. Pengo hilo hulipwa na wafanyakazi kwa njaa zao, na shirika likijisifu kwamba linaendesha mambo kwa gharama nafuu linajisifu kwa jasho lisilolipwa. Hata serikali ya Marekani, ambayo masharti yake ya fedha yanajulikana kwa ukali, mnamo Oktoba 2024 ilipandisha kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za kuendesha shirika kama kodi ya ofisi na uhasibu, kwa mpokeaji ambaye hajakubaliana nayo kiwango chake mwenyewe, kutoka asilimia 10 hadi 15. Mfadhili binafsi akikupa asilimia 5, mwonyeshe karatasi yako.

Afisa wa mfadhili wetu alipokuja kututembelea sikumpeleka hotelini. Saa kumi na mbili jioni, kikao kilipokwisha, tulifuatana na vijana wawili wa Likoni: matatu kutoka Kisauni, foleni ya darajani Nyali, kushuka mjini, matatu nyingine hadi feri, kungoja kwenye banda pamoja na maelfu ya watu wanaotoka kazini, kuvuka, kisha usafiri mwingine. Tulifika Mtongwe saa mbili na robo. Njiani afisa yule hakusema mengi, lakini alihesabu, kwa sababu tulipoagana alinitajia jumla ya nauli kabla sijaitaja mimi. Mkataba uliofuata ulikuwa wa miaka mitatu, na mafungu tuliyapanga sisi.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika miezi minne ya kwanza niliajiri watu wawili, nikabadilisha samani za ofisi, nikaongeza mishahara ya kila mtu, ikiwemo yangu. Kila jambo nililolifanya lilikuwa na sababu nzuri, na hakuna hata senti moja iliyoibwa. Katika kikao cha bodi, mzee mmoja aliyestaafu ukarani bandarini alifunua kurasa za hesabu polepole, akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, naona pesa zilikoingia na naona zilikotoka. Sioni ni nani aliyekaa akaamua." Nilikasirika, nikamjibu kwamba mfadhili ameturuhusu. Akasema mfadhili ameiruhusu bodi, na bodi haijaulizwa. Alikuwa na haki. Mwaka wa tatu tulilazimika kumwachisha kazi mmoja wa wale wawili, kijana tuliyemlea wenyewe, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, kabla fedha hazijaingia benki, bodi iandike ukurasa mmoja tu: kiasi kitakachowekwa akiba, nani anaamua matumizi yanayozidi kiwango fulani, na mambo ambayo fedha hizo hazitafanya. Sisi tuliamua kujenga akiba ya miezi mitatu ya mishahara na kodi, tukaifikia baada ya miaka miwili kwa kutenga kidogo kila robo mwaka. Tuliamua pia kwamba mshahara wa kudumu hautategemea fedha ambazo mwisho wake uko chini ya miezi 18. Fedha hizo ziwe na leja yake, hata kama mkataba haukutaki uzitenge, kwa sababu mkaguzi atakuuliza, na vijana nao watakuuliza.

Vijana watauliza ukiwaachia nafasi, na nafasi hiyo ni sehemu ya malezi yenyewe. Kutokana na fedha zile tulitenga shilingi 150,000 kwa mwaka, tukawakabidhi kamati ya vijana saba waamue wenyewe. Kikao chao cha kwanza kilifanyika Tononoka na kilichukua saa nne. Mimi nilikaa nyuma na kujizuia kusema, kazi ambayo sikuijua ugumu wake mpaka siku ile. Walibishana kama fedha ziende kwenye mashindano ya mpira au kwenye ada ya mitihani ya wenzao wawili, mmoja akalia, mwingine akatoka nje akarudi. Kisha mvulana mdogo kuliko wote akaomba aone bajeti ya shirika zima, akaisoma kwa kidole, akauliza kwa adabu kwa nini salio la simu la mkurugenzi linazidi nauli ya vijana. Nilimjibu kwa takwimu, na jibu langu halikutosha, basi mwezi uliofuata tukalipunguza. Warsha zangu za siku tatu kuhusu uwajibikaji hazikuwahi kumfundisha mtu kuuliza swali kama lile.

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, niliona majirani zetu wawili wakifunga milango ndani ya wiki chache, wafanyakazi wakiwa wamebeba viti vya plastiki hadi kwenye mkokoteni. Walikuwa mashirika mazuri, pengine bora kuliko letu. Kila shilingi yao ilikuwa na jina la shughuli, na shughuli ziliposimamishwa hapakuwa na shilingi ya kulipa notisi wala kuwaaga vijana. Akiba yetu isingetuokoa milele, lakini ilitupa miezi mitatu ya kufikiri.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Uhuru wa mfadhili haukuondolei wajibu wa nchi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na vikundi vya kijamii vina sheria yao ya usajili ya 2022, basi hakikisha unajua uko chini ya ipi, katiba yenu inasema kazi yenu ni nini, na matumizi yote yanabaki ndani ya kazi hiyo. Makato ya kodi za mishahara yawasilishwe kila mwezi kabla ya tarehe 9 kupita. Shirika moja ninalolijua lilikosa mkataba kwa sababu ya faini za kuchelewa, ilhali kazi yake ilisifiwa na kila mtu.

Ripoti ya fedha huru ni ngumu kuiandika kuliko ile ya mafungu, kwa kuwa huna jedwali la kujificha nyuma yake. Mimi huandika kurasa nne: tulichoamua, kwa nini, kilichotokea, na kilichoshindikana. Katika ripoti ya mwaka wa tatu niliandika habari ya yule mfanyakazi tuliyemwachisha, nikaeleza kosa langu bila kulipaka rangi, ingawa mwenzangu mmoja alinishauri nilifute. Mfadhili alipiga simu siku ya pili yake. Alitaka kujua kijana yule yuko wapi sasa na kama tumebaki tukizungumza naye. Nilimwambia yuko Ukunda, ameajiriwa, na kwamba Jumamosi za mwisho wa mwezi huvuka feri kwa nauli yake mwenyewe kuja kuongoza kikao cha vijana wapya. Akauliza kama tunamrudishia hiyo nauli. Tulikuwa haturudishi.