Dawa ya "kuzibua mishipa" siku 21, niache vidonge vya kolestro?

Swali: Dokta shikamoo. Nina miaka 56, sigara navuta kidogo tu. Nikitembea kama dakika kumi kigimbi cha kulia kinabana mpaka nasimama, nikipumzika kinaachia. Hospitali wamenipa statini, ila kuna jamaa ana dawa ya kuzibua mishipa, siku 21. Niache vidonge?

Jibu: Marahaba. Usiache. Cha kuacha ni hiyo sigara "kidogo". Halafu omba wakupime presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wagawanye ya mguu kwa ya mkono, ikishuka chini ya 0.9 basi ateri ya mguu, yaani mshipa unaopeleka damu huko, imebanwa.

Sasa hii habari ya kuzibua, jamani. Naletewa hizi chupa kila wiki! Watu wanadhani mshipa ni bomba la sinki, unamwaga kitu uchafu unatoka. Yale mafuta hayapo kwenye njia ya damu, yapo ndani ya ukuta wenyewe. LDL, ile kolestro mbaya, inapenya chini ya ule utando laini wa ndani, hasa ukiwa umeshachokozwa na presha, sukari au moshi, seli za kinga zinakuja kuimeza, zinavimbiwa, zinafia humohumo, mwili unafunika na kovu, miaka inaenda chokaa inaingia, mpaka ukiikata ateri ya hivyo kisu kinakwaruza kama ganda la yai. Chupa gani inasugua hapo? Wanajeshi wa Marekani waliofia vita vya Korea walipopasuliwa (ripoti ya 1953) wastani wao ulikuwa miaka 22, na 77 kati ya 100 mishipa ya moyo ilishaanza kuugua. Kitu cha miaka 30 kitoke kwa siku 21?

Na shambulio la moyo mara nyingi halisubiri mshipa uzibe wote, kauvimbe kadogo kenye mafuta laini kanapasuka, damu inagandia pale, basi. Statini inashusha LDL na kukaza kifuniko cha hako kauvimbe, wewe husikii chochote, ndo hapo wauzaji wanapokunasa.

Ujanja wao mwingine wanakwambia unywe "huku unatembea sana". Kutembea mpaka kigimbi kianze kuuma, upumzike, uendelee, angalau mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, kweli kunaongeza umbali, misuli inazoea kutumia damu kidogo iliyopo. Sifa inaenda kwa chupa, mtu anatupa vidonge. Ninaowaogopa ni hao, maana siku mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka, una ganzi, una masaa machache tu ya kuuokoa na wao bado wanampigia muuzaji.