Usiku wa Jumatatu ni upi? Tulivyotoka Lamu kwenda kuona Kombe la Dunia

Tangu Kenya, Uganda na Tanzania zipewe Kombe la Afrika la 2027, vijana wa mtaani kwetu Langoni wananijia na swali moja: mlifanyaje mkafika Qatar? Wanajua kwamba mwaka 2022 mimi na Ami yangu tulitoka Lamu tukaenda Doha kwenye Kombe la Dunia. Wengi hutaka niwaanzie na tiketi za mpira. Mimi huwaanzia na kalenda. Pesa tulihangaika tukazipata, tiketi pia, lakini kilichokaribia kutuvunjia safari ni kuhesabu siku vibaya, na tulihesabu vibaya tukiwa nyumbani, tumekaa barazani, hatuna haraka yoyote.

Pasipoti kwanza, na usiichukulie kwamba ni jambo la wiki mbili. Ami alikuwa na miaka 63 na hajawahi kuwa nayo. Ombi unalijaza mtandaoni kwenye eCitizen, lakini picha na alama za vidole ni lazima uende mwenyewe, na sisi tulikwenda Mombasa. Tulipofika tukaambiwa majina hayalingani: kitambulisho kimeandika Mohamed, cheti cha kuzaliwa kimeandika Muhamad, na jina la babu liko kwenye karatasi moja, kwenye nyingine halipo. Nani kwetu pwani hana tatizo hili? Karani wa zamani aliandika alivyosikia, mwingine akaandika alivyozoea. Tukarudi Lamu, tukatafuta wakili wa kutuandikia hati ya kiapo, tukaenda Mombasa tena. Tulianza Januari, pasipoti tukaishika Mei. Kwa hiyo leo kabla hujalala, toa karatasi zako zote uziweke mkekani pamoja, usome jina lako herufi kwa herufi. Kama unayo pasipoti tayari, tazama tarehe ya mwisho: nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele.

Tiketi tulizipata kwa bahati nasibu. Makundi yalipangwa Doha tarehe 1 Aprili, na siku chache baadaye FIFA ikafungua maombi kwenye tovuti yake hadi mwisho wa mwezi. Tukaiombea Senegal, mabingwa wa Afrika wa mwaka ule, mechi yao ya mwisho ya kundi dhidi ya Ecuador. Tiketi za riyali 40 ziliwekewa wakazi wa Qatar. Sisi wa nje, ya chini kabisa kwa mechi za makundi ilikuwa riyali 250, karibu dola 69. Hilo halikutuumiza. Kilichotuumiza ni rafiki yetu wa tatu, ambaye bahati haikumwangukia, akapata mtu kwenye WhatsApp anayesema anazo tiketi za ziada. Akamtumia shilingi elfu thelathini. Alicholetewa ni picha ya tiketi. Tiketi za mashindano yale zilikuwa kwenye programu ya simu, zimefungwa kwa jina la mwenyewe, na picha haifungui mlango wowote. Hakusafiri, na pesa hazikurudi. Palikuwa na njia halali, kwani FIFA ilikuwa na soko lake rasmi la kuuziana tiketi, lakini yeye hakulijua mpaka alipokwisha kulia. Nakuomba sana: nunua kwa wenye mashindano au kaa.

Baada ya tiketi ikaja Hayya, kitambulisho cha shabiki. Mwaka ule Hayya ndiyo iliyokuwa viza, ndiyo nauli ya treni za mjini, na bila hiyo, tiketi yako haikukuingiza uwanjani. Kuiomba kulitaka namba ya pasipoti, tiketi na mahali pa kulala. Utaona jinsi mambo yanavyoshikana mkia: pasipoti ikichelewa, vyote vinachelewa. Mahali pa kulala tulipata kwa mtoto wa shangazi yangu, anayefanya kazi Doha. Ilibidi atuandikishe kama wageni wake kwenye mfumo wao, si kusema tu "njooni". Ukiwa na ndugu katika nchi mwenyeji, mwulize mapema kama mkataba wa nyumba yake unamruhusu, na usimtie matatani na mwenye nyumba kwa ajili ya mpira.

Sasa nifike kwenye usiku ule.

Tiketi yetu ya ndege kutoka Nairobi iliandikwa 28 Novemba, 00:35. Tarehe 28 ilikuwa Jumatatu. Mimi nikasoma, nikasema: Jumatatu usiku, saa sita na nusu na kidogo. Nikapanga kila kitu kwa hesabu hiyo. Jumapili alfajiri tuvuke na boti kwenda Mokowe, tupande basi hadi Mombasa, tulale, Jumatatu asubuhi tushike treni ya Nairobi, jioni tufike uwanja wa ndege tukiwa na nafasi. Nikamwambia Ami, nikamwambia binamu wa Doha atupokee Jumanne asubuhi. Mechi ni Jumanne jioni. Hakuna aliyenipinga.

Jumamosi baada ya Isha tulikuwa kwa shangazi, anafunga mzigo wa mwanawe. Akauliza tunaruka lini. Nikamwambia, Jumatatu usiku.

"Usiku wa Jumatatu, au Jumatatu usiku?"

Nikamwambia saa: saa sita na dakika thelathini na tano, tarehe 28. Akaacha kamba aliyokuwa anafunga.

"Mwanangu, yeo Jumamosi. Kesho Jumapili, jua likitua, ndio usiku wa Jumatatu. Hiyo ndege yenu ni ya kesho."

Nikachukua simu nikaitazama ile tiketi kama naiona mara ya kwanza. Alikuwa amesema kweli. Wazee wetu huhesabu usiku kabla ya mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua. Sisi wa leo tumechanganya, tunasema "Jumatatu usiku" tukimaanisha baada ya mchana wa Jumatatu. Ndege nayo huhesabu kuanzia saa sita za usiku, kwa hiyo ndege ya 00:35 huangukia kwenye hesabu ya shangazi, si yangu. Lakini usidhani hesabu ya wazee itakufaa kila mahali: mechi ya 22:00 Jumanne, yaani saa nne usiku, kwa shangazi ni usiku wa Jumatano. Ndiyo maana siku hizi ninaandika kwa maneno, kwenye karatasi ya ukutani na kwenye ujumbe wa kila anayehusika: "Jumapili usiku, kuamkia Jumatatu." Karatasi hiyo ingetuokolea pesa nyingi. Basi na treni havikuwezekana tena. Jumapili tulivuka Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, tukanunua viti viwili vya ndege ya Nairobi kwa bei ya siku hiyo hiyo, tukatua Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, tukakaa kwenye foleni ya magari hadi uwanja mkubwa wa ndege za nje. Akiba ya dharura tuliyoweka kwa ajili ya siku zote za Doha ikaishia hapo, kabla hatujatoka Kenya.

Kwa hiyo weka akiba mbili. Moja ya huko, moja ya njiani. Sisi tulichanga elfu kumi kumi kila mwezi kwa karibu miaka miwili, na bado tulibanwa. Mtu wa Nairobi akichelewa hupanda teksi. Sisi wa visiwani tuna bahari, tuna Mokowe, tuna barabara ndefu, kisha ndiyo tunafika pale wenzetu wanapoanzia. Safari ya mtu wa Lamu ina siku mbili zaidi kila upande, na lazima zilipiwe.

Mzigo sitauzungumza sana, ila jambo moja. Shangazi alimfungia mwanawe halua kilo mbili na chupa ya achari ya embe, ameiviringa kwenye kikoi. Halua ilipita kwenye mkoba wa mkononi. Achari ilikuwa imelala kwenye mkoba huohuo, na kwenye ukaguzi wakaitoa, kwa kuwa ina majimaji na chupa ni kubwa. Ami aliitazama ikiwekwa kwenye pipa, akabaki na kikoi mkononi. Chakula cha majimaji kiweke kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, kimefungwa vizuri na mfuko wa plastiki.

Tulifika Doha alfajiri ya Jumatatu, siku nzima na zaidi kabla ya mechi. Hapo nikaona faida ya kufika mapema, ingawa haikuwa kwa mpango wangu. Ami alilala hadi Adhuhuri. Jioni tulitembea ufukweni tukaona majahazi yamefungwa, na Ami akasimama muda mrefu akiangalia mbao na kamba, akanionyesha kilichofanana na vyetu na kisichofanana. Uwanja wa Al Janoub, kule Al Wakrah, waliuchora kwa kufuata jahazi, na kwa mtu wa Lamu huo peke yake unatosha kupanda treni kwenda kuutazama kwa nje. Kama tungefika Jumanne asubuhi kama nilivyopanga, Ami angekwenda uwanjani na usingizi machoni. Ukisafiri na mzee, siku ya kwanza iache bila mpira.

Saa za Doha ni sawa na zetu, dakika kwa dakika. Hilo lilinidanganya tena. Saa ni moja lakini jua si moja: mwishoni mwa Novemba, Magharibi kule huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati Lamu bado watu wanacheza mpira. Mechi ilikuwa saa kumi na mbili. Tulisali Magharibi kabla ya mechi, na Isha ikaingia mpira unachezwa. Uwanjani palikuwa na vyumba vya kusalia, basi tulijipanga. Mashindano yakiwa nchi nyingine, angalia nyakati za sala za mji ule, usibebe za nyumbani kichwani.

Uwanja wa Khalifa, palipochezwa mechi yetu, una kituo chake cha treni, Sport City, na treni zilikuwa bure kwa wenye Hayya. Kutoka treni hadi kitini ndiyo kazi. Ni mwendo, ni foleni, ni ukaguzi, na magoti ya Ami yalilalamika. Toka nyumbani masaa matatu kabla ya mechi. Simu iwe imejaa chaji, kwa kuwa tiketi imo ndani yake na ikizima umezimika nayo. Na beba shuka au koti jepesi. Viwanja vile vilipozwa kwa mitambo, na Ami na kanzu yake alihisi baridi hadi nikampa shati langu la juu ajifunike miguu.

Halafu mpira. Senegal walihitaji kushinda. Ismaïla Sarr akafunga penalti karibu na mapumziko, ngoma za Wasenegali zikawa hazisikilizani. Dakika ya 67 Caicedo akasawazisha, upande wa Ecuador ukalipuka, na Ami akanishika mkono. Dakika tatu baadaye mpira wa adhabu ukamwangukia Koulibaly, akaupiga moja kwa moja. 2-1. Kwenye kitambaa chake cha unahodha aliandika 19, namba ya Papa Bouba Diop, mchezaji wa zamani wa Senegal, aliyefariki tarehe kama ile miaka miwili nyuma. Ami hakujua habari hiyo mpaka nilipomweleza kwenye treni. Alimkumbuka Diop kwa bao alilowafunga Wafaransa mwaka 2002, aliloliona kwenye televisheni ya jirani. Akanyamaza vituo viwili, machozi yanamtoka, na mimi nikamwacha.

Kurudi tuliacha siku moja tupu kati ya mechi na ndege, na siku nyingine kati ya Nairobi na basi la Mokowe. Zote tulizitumia.

Kwa 2027, wanaoniuliza nawaambia hivi. Kwenda Uganda, Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo ukitaka mechi ya kule shika pasipoti, hata kama una jamaa Tanga na Unguja. Pasipoti ya Ami bado ni nzima, nimeitazama wiki jana. Yangu inaisha kabla ya mashindano. Nimeshajaza ombi, na karatasi zangu ziko mkekani.