Kibao ni Sawa, Lakini Nani Atafyeka Vichaka?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa kama mtu aliyejitolea kwa miaka mingi kutunza mahali pa kale anastahili kujengewa sanamu, au kibao chenye jina lake kinatosha. Nililisoma nikakereka, kwa sababu marehemu mwalimu mstaafu wa kijijini kwetu, huku Migori, hakuomba hata kimoja kati ya hivyo. Alichoomba ni watu wa kumsaidia kufyeka vichaka.

Wageni huelekezwa Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe huku kwetu Migori, na ni haki, maana limeorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2018. Hata hivyo, Nyanza Kusini ina maboma mengine mengi ya mawe yasiyo na mlinzi, na mawe yake huishia katika misingi ya nyumba za watu. Mwalimu alijitwika mojawapo, dogo, lisilo na wageni.

Masika fulani sehemu ya ukuta iliporomoka, na vijana wa kanisa, kwa nia njema kabisa, wakachanga pesa wakaleta saruji na mchanga. Mwalimu alifika, akauketia mfuko wa saruji. Hakufoka. Aliomba jiwe, akaligeuzageuza hadi akaupata ubapa wake, akalilaza juu ya mengine, akalitikisa kwa kiganja, kisha akachomeka vijiwe vyembamba chini yake mpaka likatulia. Ndipo akaeleza, bado ameketi palepale, kwamba kuta hizi zilijengwa bila udongo wala chokaa: safu ya nje, safu ya ndani, na mawe madogo katikati ya kuzishikanisha, hivyo maji ya mvua hupenya na kujiendea zake, ukiziba kwa saruji, maji yatakwama na ukuta utafura hadi ubomoke. Kijana mmoja alipobisha kwamba wazee wa kale hawakuwa na saruji ndiyo maana hawakuitumia, Mwalimu alimwonyesha upande ambao haujawahi kuguswa na fundi yeyote, akamwomba autikise. Kazi ya kupanga upya iliendelea hadi jioni, na saruji ikajengewa choo cha kanisa, ambacho, kwa taarifa yenu, tayari kina nyufa.

Nilikusudia kuandika kwamba kibao ni upuuzi. Sasa sina hakika, kwa maana watoto wanaochunga mbuzi pale leo hudhani ukuta umejisimamia wenyewe tangu enzi za mababu, na asiyejua kwamba kuna mtu aliyeupanga upya hataona haja ya kuokota jiwe likianguka. Kibao basi kiwekwe, ila kwenye uzio wa shule, kisipigiliwe ukutani kwa saruji, na kisiwekwe kabla ya kijiji kukubaliana nani atafyeka vichaka masika yajayo.

Msomaji, Migori