Theluji ikiwa haba, je, mteremko huwa salama zaidi?

Swali: Mimi na wenzangu wawili hupanda milima kwa mbao za theluji zinazogawanyika, kisha tunashuka mbali na njia zinazosimamiwa. Majira haya ya baridi theluji imekuwa haba: upande wa kivuli wa mlima tunaoulenga ina kina cha sentimita 60 tu, na mawe yanachomoza hapa na pale. Mteremko una digrii 35. Utabiri unataja sentimita 30 za theluji mpya pamoja na upepo mkali. Je, ni sahihi kwamba theluji kidogo haiwezi kuleta maporomoko ya maana, na kwamba tujihadhari na mawe tu?

Jibu: Si sahihi, na nawasihi msiukanyage mteremko huo theluji mpya itakapoanguka. Kuhusu mawe mmefikiri vyema, lakini hofu hiyo imeifunika iliyo kubwa zaidi. Kila theluji inapochelewa naulizwa jambo hili kwa maneno mbalimbali, na kinachonikera si swali bali wale wanaolijibu kwa kujiamini kwamba pasipo na theluji nyingi hapana cha kuporomoka.

Tazameni kinachotokea chini ya mbao zenu. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzijoto 0, ilhali uso wa theluji, hasa usiku wa anga safi, unaweza kushuka hadi nyuzijoto 15 chini ya sifuri au zaidi. Theluji ingekuwa na kina cha mita 2, tofauti hiyo ingekuwa nyuzijoto 7.5 kwa kila mita. Katika sentimita 60 zenu ni nyuzijoto 25 kwa mita. Kwa kawaida tofauti ikizidi takriban nyuzijoto 10 kwa mita, mvuke hupanda kwa kasi kutoka kwenye chembe za chini zilizo na joto zaidi na kuganda upya juu yake, na chembe zilizokuwa zimeshikana hugeuka kuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana, zinazomwagika kiganjani kama sukari. Kwa hiyo uhaba wa theluji ndio hasa unaolitengeneza tabaka dhaifu, na likishafunikwa laweza kubaki dhaifu kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi.

Juu ya tabaka hilo upepo utaweka bamba, yaani theluji iliyoshikamana ikawa kipande kimoja kipana. Likiwa na upana wa mita 40, urefu wa mita 40 na unene wa sentimita 30, na kila mita ya ujazo ikiwa na kilo 200, mnapata tani 96. Hizo ndizo zinazoitwa theluji kidogo.

Kuna pia wanaofundisha kwamba mawe yanayochomoza huishikilia theluji isiteleze. Mawe huizuia mpaka bamba litakapoyafunika. Baada ya hapo hali hubadilika, kwa sababu kandokando ya mwamba theluji ni nyembamba zaidi, chembe dhaifu zimekua zaidi, na uzito wa mtu mmoja hulifikia tabaka la chini kwa urahisi. Mara nyingi bamba huanza kuvunjika mahali kama hapo, palepale mpandaji anapopasogelea akidhani ni kimbilio.

Majira ya 2020 hadi 2021 yalilionyesha jambo hili nchini Marekani. Katika sehemu kubwa ya milima ya magharibi theluji ya mwanzo ilikuwa nyembamba na ikadhoofika, kisha dhoruba za katikati ya majira zikaifunika. Watu 37 walikufa katika maporomoko nchini humo.

Jambo jingine ni njia za mkato zinazouzwa na kusambazwa kwa video. Mtu anachimba shimo moja, anavuta theluji kwa mkono, haisogei, naye anatangaza kuwa mlima mzima ni salama, ingawa katika theluji nyembamba hali hubadilika ndani ya hatua chache. Shimo linaweza kukupa sababu ya kurudi. Halikupi kibali cha kuendelea. Mwingine anategemea mfuko wa hewa wa mgongoni, ambao husaidia mtu abaki karibu na uso wa theluji, lakini haumkingi vya kutosha anapoburutwa juu ya mawe yasiyofunikwa vizuri. Hata kifaa cha kutafutana, fimbo ya kupimia na koleo, ambavyo kila mmoja wenu lazima avibebe, humfaa aliyefukiwa akiwa hai na mwenye wenzake wanaoweza kumfikia kwa dakika chache. Havimponyi aliyevunjwa shingo. Nanyi wa ubao mna shida ya ziada, kwamba kwa kawaida vifungo vya viatu havifunguki vyenyewe, hivyo ubao hubaki miguuni na kumvuta mtu chini.

Someni taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo lenu kila asubuhi, na msidhani kwamba daraja la 3 kati ya 5 ni la wastani, kwa kuwa vifo vingi hutokea katika daraja hilo. Mkisikia theluji ikididimia kwa mshindo chini yenu, tabaka limevunjika. Geukeni hapohapo, kwa njia mliyoijia ikiwa haipiti chini ya mteremko mkali. Mkitaka kwenda baada ya dhoruba, kaeni kwenye miteremko isiyofika digrii 30, na hakikisheni hakuna mteremko mkali juu yenu, kwa maana tabaka hilo huweza kuvunjika mkiwa bondeni na kuangusha bamba lililo mbali nanyi.