Baba alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Je, nami nimerithi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu alivuta sigara tangu ujana, akafariki kwa COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Baba mdogo alivuta vilevile na mpaka leo analima. Mimi nina miaka 38, navuta pakiti kwa siku, na kila nikiacha arosto inanirudisha. Je, liko kwenye damu yetu? Nipime vinasaba? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kumpoteza mzee.

Kurithi kupo. Mwaka 2008 watafiti walihusisha eneo moja la kromosomu ya 15 na uvutaji mkali na saratani ya mapafu. Mwaka uliofuata likahusishwa na COPD pia. Hapo ndipo ilipo jeni ya CHRNA5, inayounda sehemu ya kipokezi ambacho nikotini hukishika ubongoni. Sehemu hiyo husaidia ubongo kukinai. Panya walioondolewa jeni hiyo waliendelea kujipa nikotini kwa dozi ambazo panya wa kawaida huzikwepa. Kwa binadamu, kila nakala ya aina yenye hitilafu huongeza wastani wa takriban sigara moja kwa siku, na mvutaji huvuta moshi kwa kina zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya madhara ya jeni hii hufika kwenye mapafu kwa kupitia sigara yenyewe, na sigara inaweza kuondolewa.

Arosto nayo ina urithi wake. Ini huvunja nikotini kwa kimeng'enya cha CYP2A6, na watu tumetofautiana kwa kasi. Anayeivunja haraka huisaka sigara nyingine mapema. Huo ni mwili, ndugu yangu, si udhaifu wa moyo, na ninaumia kila ninapomwona mgonjwa akitukanwa kwa sababu yake.

Kuhusu baba mdogo: wavutaji wengi hawapati COPD. Jeni zinachangia, lakini pia kifua kikuu cha zamani, vumbi la kazini, moshi wa kuni. Upungufu wa kurithi wa alfa-1 antitripsini, protini inayokinga mapafu, uligunduliwa Sweden mwaka 1963. Ni nadra sana kwa Waafrika.

Kipimo cha CHRNA5 usinunue. Ile aina yenye hitilafu ni ya kawaida Ulaya na nadra kwetu, hivyo jibu zuri halitakuambia lolote, na nahofia litakupa ujasiri wa kuwasha nyingine. Pesa hiyo ipeleke kwenye spairometri, kipimo cha uwezo wa mapafu. Utavuta dawa ya kupanua njia za hewa, kisha utapuliza kwa nguvu zako zote. Ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya yote uliyotoa, njia zimeanza kuziba. Uwezo uliopotea kwa COPD haurudi, ila ukiacha, kasi ya kuupoteza hushuka karibu na ya asiyevuta.

Jiangalie pia asubuhi: ukiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, uraibu wako ni mkali, na kuacha kwa kujikaza tu mara nyingi hakutoshi. Omba plasta ya nikotini pamoja na pipi zake za kutafuna kwa wakati mmoja. Viwili kwa pamoja hushinda kimoja.

Na muulize mama, au baba mdogo: mzee alianza kubanwa na pumzi akiwa na umri gani? Kama ni kabla ya miaka 45, mwambie daktari wako, akupime alfa-1 antitripsini kwenye damu.