Barua nane za sifa, na bado afisa anauliza umebadilisha nini

Mkuu, umesema una shahada ya uzamili, miaka tisa kazini na barua nane za mapendekezo, na bado USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wamekuandikia kwenye ombi lako la NIW (green card bila ofa ya kazi, kwa maslahi ya taifa lao) wakitaka vielelezo zaidi vya ulichobadilisha. Pole. Nami nilipigwa hapo hapo.

Mimi ni mhandisi wa maji. Ombi langu lilijaa sifa: mchapakazi, mbunifu, nguzo ya idara. Bosi alinipamba kurasa tatu nzima. Afisa akajibu kwamba kazi yangu imemnufaisha mwajiri wangu, ila haoni ilikovuka geti la kampuni. Nilinuna siku mbili, kisha nikausoma upya uamuzi wa Dhanasar wa 2016, ambao ndio kipimo chao. Wengi wanaishia kwenye masharti matatu: kazi unayokusudia iwe na thamani na umuhimu kwa taifa, uwe mtu wa kuiweza, na Marekani inufaike ikikusamehe ofa ya kazi na uthibitisho wa Wizara ya Kazi. Wewe soma mpaka wanapogusa ualimu wa huyo Dhanasar, mwombaji mwenyewe. Jamaa alikuwa mtafiti wa mambo ya anga, akataja pia kufundisha sayansi. Wakakubali kufundisha kuna thamani, lakini hakuonyesha kungegusa elimu ya sayansi kwa upana wake. Kilichombeba ni utafiti. Yaani hata aliyeshinda, hoja yake moja iliangushwa na kasoro hiyo hiyo yako.

Basi nikaanza kujiuliza: nani ametumia kazi yangu bila kulazimika? Niliwahi kuandika utaratibu wa kugundua uvujaji kwa kupima maji usiku wa manane. Watu wakilala matumizi hushuka, hivyo sehemu kubwa ya maji yanayoendelea kupita kwenye bomba huwa yanavuja. Kumbe mamlaka mbili za maji ambazo sijawahi kuzifanyia kazi zilikuwa zikiutumia, na moja ilishaurekebisha. Nikamwomba mhandisi wao, mtu ambaye hatujawahi kuonana, aandike walikuwa wakifanyaje kabla, walichukua nini kwangu, na nini kilibadilika. Nikaambatisha rekodi za mita zao, barua pepe ya kuniomba ruhusa, na ukurasa wa mwongozo wao unaotaja utaratibu huo. Hapa ndipo wengi tunakosea: barua peke yake ni maneno tu, uzito unatoka kwenye karatasi zilizo nyuma yake.

Barua nikazipunguza zikabaki nne. (Wakili wangu alitaka aziandike zote yeye. Nilikataa, maana zingesikika kama zimetoka kinywa kimoja.) Lakini usisahau kwamba NIW inaangalia mbele. Ulichokwisha kufanya kinathibitisha kwamba utaweza. Mpango wa utakachofanya Marekani unauandika mwenyewe, tena kwa undani.

Tarehe ya mwisho iko kwenye barua yao. Muda wenyewe hauzidi siku 84, ukiacha siku chache za posta, hauongezwi, na majibu hutumwa yote kwa mkupuo mmoja.

Halafu umetaja kwa mstari mmoja tu, kama jambo dogo, kwamba programu yako ya stoo ya dawa ilichukuliwa na hospitali nyingine. Mfamasia wa hospitali hiyo ndiye wa kumpigia simu kesho asubuhi, kabla hujamwomba bosi barua ya tisa.