Usiniulize Tochi Zinakaa Wapi

Wiki iliyopita nilibandika picha ya skrini ya simu yangu: namba ya gari, na chini yake deni la faini za barabarani, sifuri. Miezi 14 mfululizo. Nilikuwa najisifu, sikatai. Mtu ukishalipa nilizolipa mimi huko nyuma, una haki ya kujisifu kidogo.

Haikupita saa moja ikaingia meseji ya msomaji mmoja: "Shikamoo dada. Na mimi nakula lami ya Dar–Moro kila wiki, wananimaliza. Naomba chimbo basi, tochi zinakaa wapi na wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. (Kwa asiyejua, tochi ni kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, na Dar–Moro ni barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro.) Chimbo ninalo, au nilikuwa nalo. Zamani ungeniamsha usiku wa manane nikutajie Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Visiga, mteremko wa Ruvu, ukitoka mizani ya Vigwaza, mpaka miti gani ina kivuli cha afande kusimama. Lakini sikupi, na ngoja nikueleze kwa nini.

Kwa asiyenijua, nauza mchele. Mzigo mkubwa unakuja Dar na fuso, mimi na Noah yangu nabeba oda za haraka za wateja wa Mbezi na Kimara, magunia machache ndani na mengine juu kwenye keria. Biashara ya mchele ni biashara ya kuwahi. Mteja akikwambia anataka leo, kesho ameshanunua kwa mwingine. Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga, na nilikuwa najiona fundi. Mwaka 2022 peke yake niliandikiwa mara 11. Kila kosa 30,000. Piga mwenyewe: 330,000, bila kuhesabu zile zilizoongezeka kwa kuchelewa kulipa.

Utaratibu unaujua. Afande wa kwanza humuoni, kajibanza na tochi yake pembeni. Anakupiga picha, picha inaruka WhatsApp mpaka kwa mwenzake aliyesimama kilomita moja mbele na shati lake jeupe linalong'aa. Huyo anakusimamisha kwa adabu zote. "Habari ya safari, mama. Hii gari si yako hii?" Ni yako, namba inasomeka, na pembeni imeandikwa 71, kilomita kwa saa, mahali pa 50. Hakuna cha kujitetea. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, unaondoka umenuna mpaka Chalinze.

Na hapa niseme ukweli mwingine ambao bado unaniuma. Kuna sehemu, siitaji, kibao cha kuingia kwenye 50 kipo, kipya, kinang'aa. Kibao cha kumaliza 50 hakipo. Kiling'olewa au kiligongwa, Mungu anajua. Nyumba ya mwisho ya kijiji ukishaipita ni mashamba ya mihogo tu pande zote. Nikaongeza mwendo kama mtu yeyote mwenye akili. Nikapigwa tochi katikati ya mihogo. Nilibishana na afande dakika 40, nikamwambia turudi wote tukakiangalie hicho kibao. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, kama hujaona kibao cha kumaliza, basi hujamaliza." Kisheria labda yuko sawa. Lakini mpaka leo nikipita pale roho inachemka. Barabara ikiwekewa mtego badala ya kibao, dereva anajifunza kuogopa mtego, kibao chenyewe anakisahau.

Ndicho kilichonikuta mimi. Nilijifunza tochi, nikasahau barabara.

Sote tunafanya. Unaingia kijijini na 90, unaona kitu cheupe kando ya barabara, mguu unaruka kwenye breki wenyewe. Unapita na 45 kama bibi harusi. Ukishampita afande, moto unarudi, na unaongeza na kidogo cha kufidia. Watoto wa shule wanaovuka mita 300 mbele hawana habari kwamba pale nyuma ulikuwa mstaarabu. Na madereva tuna umoja wetu: anayekuja mbele anakupigia taa mara mbili, maana yake "wapo". Unapunguza, na wewe unampigia anayefuata. Nimeshukuru taa hizo mara nyingi kuliko nilivyomshukuru mume wangu.

Sasa sikiliza. Ilikuwa natoka Morogoro, saa nne asubuhi, nimeshapita Mikese na Bwawani, nakaribia Ubena Zomozi. Kiyoyozi kinapuliza, vioo juu, muziki umekolea. Nyuma yangu kulikuwa na Canter, lori dogo, la nyanya, tumefuatana tangu Bwawani, kanikaba kwelikweli. Mbele inakuja pikapu ya zamani ya bluu. Ikanipigia taa. Mara mbili, mara tatu, mara nne, na mkono wa dereva umetoka dirishani unapunga.

Mimi nikajua leo wapo wengi.

Sikuangalia kioo. Sikugusa breki kidogo kidogo. Nilikuwa na 88 kwenye dashibodi na nikataka 50 hapo hapo. Nikafunga breki. Kilichofuata ni mlio wa matairi nyuma yangu, halafu kishindo kilichonirusha kwenye mkanda, halafu kitu kama mvua ya mawe juu ya bati. Zilikuwa nyanya. Matenga ya juu yalikatika kamba yakamwagikia Noah yangu, keria, kioo cha nyuma kilichokuwa hakipo tena, na lami yote. Nilitoka nikakanyaga, nikateleza, nikakaa chini kwenye nyanya na gauni langu la kitenge. Harufu ile sijaisahau. Hata leo nikisaga nyanya ya mchuzi, tumbo linanikaza.

Hakuna aliyeumia zaidi ya utingo, aliyejigonga paji la uso. Dereva wa Canter, kijana wa umri wa mwanangu, alishika kichwa kwa mikono miwili akawa anazunguka tu: "Mama umenimaliza. Mama umenimaliza. Umefunga breki ya nini?"

Nikamwambia, "Si tochi? Hujaona jamaa kapiga taa?"

Wakati huo ile pikapu imegeuza, imerudi. Akashuka mzee wa makamo, balaghashia kichwani, kaangalia zile nyanya, kaniangalia mimi. "Mwanangu, nilikuwa nakuonyesha turubai. Turubai lako limefunguka, linapepea juu ya gari kama tanga la jahazi. Gunia la juu lilikuwa linataka kudondoka."

Nikageuka. Kweli, turubai lilikuwa limening'inia hadi kwenye mlango.

Trafiki walikuja kupima ajali baada ya kama saa moja. Yule mkubwa wao alivyoniuliza sababu ya kufunga breki, nikajibu bila kufikiri: "Afande, nilidhani mpo." Akatazamana na mwenzake. "Tochi leo haikutoka kituoni," akasema, akaendelea kuvuta futi yake juu ya lami.

Ya malipo nitayaruka, yanachosha. Kwa kawaida aliyegonga nyuma ndiye anayehesabiwa kosa, hakuacha nafasi. Lakini mimi nilijua kilichotokea, na nyanya zile hazikuwa zake, zilikuwa za mama mmoja wa Dumila aliyekuwa anazisubiri Ilala. Tulimalizana kwa kila mtu kubeba mzigo wake na mimi kuongeza juu. Fedha zile zingelipa tochi za miaka mitatu. Bima yangu ilikuwa ndogo, usinikumbushe.

Nikiwa nimelala nyumbani shingo inaniuma, nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miaka kumi nyuma. Chukua kijiji chenye 50 kwa kilomita moja na nusu. Ukikipita na 80 unatumia sekunde 67 au 68. Ukikipita na 50 unatumia 108. Umeokoa sekunde 40! Haya, weka vijiji 20 vya namna hiyo kwenye safari yako. Hazifiki hata dakika 14. Dakika 14 mimi nilikuwa nazimaliza nikisubiri supu Chalinze. Tena nilikuwa nazilipia 30,000 kila zinaponitokea puani.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Ukiwa na 80, kwa sekunde moja tu ya kushtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limeshakwenda mita 22. Ukiwa na 50 ni mita 14. Na breki yenyewe haiongezeki sawa na mwendo: kutoka 50 mpaka 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka 50 kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na magari makubwa hata pasipo na nyumba.

Angalia mabasi siku hizi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wameyafunga kile kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinamuangalia dereva kutoka stendi mpaka stendi, na basi likizidi mwendo kinalia abiria wote wanasikia. Wapo wanaokichokonoa, najua, tunaishi nao. Lakini basi ambalo kifaa chake kinafanya kazi utalijua: halirukiruki. Linatembea mwendo mmoja saa nzima. Mtu wa tochi anakulinda mita 500. Kitu kinachokuangalia safari nzima kinakubadilisha tabia. Mimi sina VTS, kwa hiyo nimejifunga mwenyewe.

Unataka mbinu? Mbinu ni moja. Ukiona kibao cha 50, tembea 50. Kianzie kibao, usianzie shati jeupe. Achia mafuta kabla ya kibao, gari lipungue lenyewe, aliyeko nyuma yako akuone mapema. Angalia kioo kabla ya breki. Kama kibao cha kumaliza hakipo, hesabu bado uko kwenye 50 mpaka uone kingine, hata kama pembeni ni mihogo mitupu. Inauma, nimeshasema inauma, vumilia. Ukipigiwa taa, punguza taratibu na ujiulize unaambiwa nini. Na ukimwazima mtu gari, kesho yake angalia deni. Mdogo wangu wa mwisho aliwahi kunichukulia Noah kwenda msibani Kibaha, akaniletea nyuma tangi tupu na 30,000, na hakusema neno. Alilipa. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akalipa.

Utatukanwa, nikuambie mapema. Nimepigiwa honi, nimeitwa mwanafunzi, nimeitwa bibi, kuna dereva wa IST alinipita Mlandizi akanionyesha saa yake ya mkononi. Nilimkuta mbele kidogo, kasimama na shati jeupe dirishani. Nilipita polepole. Ndiyo, nilimpungia.

Jumamosi napanda tena Moro. Ukinikuta mbele yako Mdaula natembea 48, subiri mstari ukatike unipite kwa amani. Na ukiniona nakuja upande wa pili, usinipigie taa kwa ajili ya tochi. Nipigie kama turubai limefunguka.